Siku Saba kutoka Msitu wa Amani hadi Pwani ya Saadani

Siku ya kwanza: Muheza hadi Amani

Mimi ni mtu wa Dodoma, na aliyekulia Dodoma huzoea kuiona mvua ikija kutoka mbali, kama mgeni anayepiga hodi tangu yupo barabarani. Kwa miaka mingi nilitamani kuuona msitu ambao mvua ni mwenyeji wake. Mwishoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha na kusi ikiwa imeshika pwani yote, nilipata likizo nikamshawishi shemeji yangu, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, tufunge safari ya siku saba: kwanza Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani katika milima ya Usambara Mashariki, kisha tuteremke hadi Hifadhi ya Taifa Saadani, ambako wanyama wa mbugani hufika hadi kwenye mchanga wa bahari. Nilimwahidi kwamba tungeona pori lisiloguswa na mkono wa mtu. Ahadi hiyo alinikumbusha kila siku, na wala si kwa kunishukuru.

Tulisubiri basi la Amani katika stendi ya Muheza tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Muheza ni mji wa machungwa, na kwa kuwa msimu wake ulikuwa umeanza, tulikula mengi kuliko ilivyofaa kwa watu wanaokaribia kupanda mlima wenye kona. Basi lilipoondoka lilibeba pia magunia ya unga, mabati, kitanda kimoja na kuku watano, na kila abiria aliyepanda baada yetu alisalimia basi zima kabla hajatafuta pa kukaa.

Katika geti la Sigi, bondeni kabla ya kupanda, tulishuka kulipa ada na kuandikishwa. Hapo pana nyumba ya zamani iliyokuwa ya mkuu wa stesheni ya reli, kwa maana Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi hapa Sigi mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuteremsha magogo ya milimani. Reli yenyewe haipo tena, na mahali ilipopita pamefunikwa na majani. Shemeji alisimama mbele ya nyumba ile akaniuliza, kwa upole wa kialimu, kama stesheni ya treni ni sehemu ya pori lisiloguswa. Mto Zigi unapita karibu, na maji yake ndiyo yanayonywewa na watu wa Tanga mjini, jambo ambalo abiria wetu walilijua vizuri kuliko sisi wenye vitabu.

Kutoka Sigi barabara hupanda kwa kona kali ndani ya msitu hadi Amani, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi. Joto la bondeni lilituacha kidogo kidogo, na tulipofika jioni tulikuta ukungu umeshuka hadi kwenye paa la nyumba ya wageni. Nililala na sweta, nikiwa umbali wa saa chache tu kutoka bahari ya Hindi.

Siku ya pili: ndani ya msitu

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kishambaa aliyefanya kazi msituni tangu ujana wake. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatufundisha kusema "onga mshi" ili tuwasalimie watu njiani bila kujitangaza kuwa wageni, ingawa viatu vyetu vipya vilikwisha kututangaza.

Alianza kwa kutueleza kwa nini msitu huu upo. Pepo kutoka baharini hubeba unyevu, hugonga milima hii iliyo karibu na pwani, hupanda, hupoa na kuachia mvua. Hali hiyo imedumu kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba katika nyakati ambazo nyanda za chini zilikauka na misitu yake ikageuka nyika, misitu ya milima hii ilibaki kama visiwa. Viumbe vilivyobaki kwenye visiwa hivyo vilijiendea njia yao. Ndivyo ilivyo kwa mlolongo mzima wa Milima ya Tao la Mashariki, kutoka Taita kule Kenya hadi Udzungwa, na ndiyo maana mtu anaweza kuokota hapa jani la mmea ambao hauoti mahali pengine popote duniani. Mwaka 1997 sehemu hii, yenye hekta zaidi ya 8,000, ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na mwaka 2000 UNESCO ikaiweka Usambara Mashariki katika orodha yake ya maeneo hai, yaani maeneo ambamo viumbe hutunzwa sambamba na maisha ya watu.

Tulitembea saa sita. Mtu asiyezoea msitu wa mvua hudhani ataona wanyama, kumbe husikia wanyama na kuona miti. Tulisimama chini ya mtambara ambao shina lake lilipanda wima bila tawi hata shingo zetu zikauma. Mzee alituonyesha msambu, mti unaoota Tanzania peke yake, ambao matunda yake makubwa huanguka kwa kishindo na mbegu zake hutoa mafuta mazito; watu wa hapa wamezikusanya na kuziuza kwa kilo. Jina la kitaalamu la msambu, Allanblackia stuhlmannii, limebeba jina la Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyehusika na kuanzishwa kwa kituo cha utafiti cha Amani. Shemeji aliandika kila kitu. Mimi nilikuwa nikiangalia miguu yangu, kwa sababu tulikuwa tumevuka njia ya siafu na wawili watatu walikuwa wamekwisha kupanda.

Kwenye mwamba wenye kivuli kando ya kijito tulikuta ua dogo la zambarau, majani yake yakiwa na manyoya laini kama sikio la sungura. Nilikuwa nimeliona zamani katika chungu kwenye dirisha la ofisi moja mjini, nikidhani ni ua la Ulaya. Kumbe lilitoka hapa: ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo linauzwa madukani karibu dunia nzima, wakati huku kwao limebaki kwenye miamba michache yenye kivuli, na kivuli kikiondoka nalo huondoka. Mzee hakuturuhusu kuligusa. Alisimama kati yetu na mwamba mpaka tulipomaliza kupiga picha.

Mbega tuliwaona alasiri, kundi la watu wazima saba na mtoto mmoja mweupe pepe, wakiruka kutoka mti hadi mti na mikia yao ikielea nyuma kama taulo. Karibu nao hondohondo walikuwa wakila matunda kwa kelele kubwa, na hapo mzee akatuambia jambo ambalo sikulitarajia. Mti waliokuwa wakiula, mesopsis, si wa milima hii. Uliletwa na kupandwa hapa enzi za wakoloni, ukapendwa kwa sababu hukua haraka, na hondohondo wakaueneza kwa kumeza matunda yake na kuziacha mbegu popote palipokuwa na uwazi. Palikuwa na uwazi mwingi, kwa kuwa ukataji wa mbao kwa mashine uliendelea hadi miaka ya 1980. Nilitazama huku na huku, nikaanza kuutambua ule mti mweupe ulionyooka, na kila nilipougeukia ulikuwepo. Sehemu ya ule msitu wa kale niliokuwa nikiusifu tangu asubuhi ilikuwa na umri wa kunilingana.

Siku ya tatu: mvua

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, si kwa ghadhabu kama ya Dodoma bali kwa subira, kama mtu anayepalilia shamba kubwa. Tulibaki karibu na kituo, tukatembea katika bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 pamoja na taasisi yao ya kilimo. Bustani si neno linalotosha. Ni msitu mwingine uliopandwa kwa mkono, wenye mikafuri ya Asia, mikaratusi ya Australia, michikichi ya kila namna na misinkona ya Amerika ya Kusini, ambayo magome yake hutoa kwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli zilipozuiwa kuleta mahitaji, dawa ya malaria kwa jeshi la Wajerumani ilitengenezwa papa hapa. Waingereza walipoichukua Amani mwaka 1916 waliendeleza utafiti. Mkulima wa mihogo wa leo huenda hajui kwamba ni hapa ambako ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza miaka ya 1930, wala kwamba kazi ya kutafuta mihogo inayostahimili magonjwa ilianza katika vitalu hivi. Baadaye zikaja maabara za malaria, na hadi leo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chenye jina la Amani.

Mchana tulikunywa chai yenye iliki nyingi kiasi cha kuziba pua, nyumbani kwa mama mmoja anayepika chakula kwa wageni. Iliki hulimwa hapa chini ya kivuli cha miti mikubwa, na mama yule alituuzia kilo nzima. Alisema kwamba iliki inataka msitu, ila msitu hauitaki iliki, kwa sababu mkulima hufyeka miche yote ya chini ili kuipa nafasi, na miti mikubwa ikizeeka hakuna ya kuirithi. Sijasikia mtu akilieleza tatizo hilo kwa maneno machache zaidi, na huyu ni mtu anayeishi kwa kuiuza.

Usiku mvua ilikatika, tukatoka na tochi. Huu ndio wakati wa kuuona msitu wa Amani. Vinyonga, ambao mchana hupotea machoni, usiku hulala kwenye ncha za matawi wakiwa wamepauka, na mwanga wa tochi huwaonyesha kama majani yaliyokufa. Tulipata dume mwenye pembe tatu usoni, Trioceros deremensis, aliyepewa jina la Derema, mahali palipo jirani kabisa na hapo tuliposimama. Chini, kwenye majani makavu, kulikuwa na kinyonga mwingine mdogo wa kahawia asiyezidi urefu wa kidole. Kisha mzee akamulika chura mdogo aliyekaa juu ya jani pana, akasema huyu hatagi mayai majini; huzaa watoto walio hai, vyura kamili wadogo. Shemeji alipiga kelele ya furaha ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya harusi yake. Amefundisha uzazi wa chura kwa miaka kumi na miwili, kila mwaka akichora ubaoni mayai, viluwiluwi na dimbwi.

Siku ya nne: vipepeo, kisha barabara

Asubuhi tulikwenda kuona vizimba vya vipepeo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavijiji wa hapa walianza kufuga vipepeo wa msituni na kuuza mabuu yaliyokwisha kujifunga katika vifuko vyao kwa maonyesho ya vipepeo nje ya nchi, na kwa kuwa kila aina ya kipepeo hutegemea majani ya mmea wake, mfugaji alipaswa kuipanda na kuitunza mimea ya asili. Mwaka 2016 Serikali ilizuia kusafirisha nje wanyamapori hai, na vipepeo ni wanyamapori kama tembo. Tulioneshwa vizimba kwa heshima na bila malalamiko, lakini mama aliyetutembeza alisema karo ya watoto wake wawili wa kwanza ilitoka kwenye mabawa yale, kisha akabadilisha mazungumzo.

Safari ya kuteremka Muheza na kwenda Pangani haina mengi. Mashamba ya chai, kisha minazi, kisha mkonge mstari kwa mstari hadi macho yanachoka. Tulilala Pangani, tukala samaki wa kukaanga kando ya mto, na joto likaturudia lote.

Siku ya tano: Pangani, Mkwaja na Madete

Pangani ndipo Abushiri bin Salim alipoongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na ndipo aliponyongwa Desemba 1889. Mji sasa ni wa kimya, kuta za majengo ya zamani zikimomonyoka taratibu. Tulivuka mto kwa kivuko hadi Bweni, tukiwa tumebanana na bodaboda na mbuzi, tukitazama kazi ya daraja jipya.

Baada ya Bweni barabara hupita maeneo ya Kikogwe. Hapa ndipo mkonge wa Afrika Mashariki ulipoanzia: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 ulikua utajiri na dhiki ya mkoa mzima wa Tanga. Na hifadhi tuliyokuwa tukiiendea nayo ina deni kwa mkonge, kwa sababu sehemu yake ya kaskazini ilikuwa ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa miaka ya 1950 ili wafanyakazi wa mashamba ya mkonge wapate nyama. Maelfu ya ng'ombe walifugwa humo wakipambana na mbung'o na vichaka mpaka ranchi ilipofungwa mwaka 2000, ikaunganishwa na lililokuwa pori la akiba la Saadani, na mwaka 2005 ikawepo hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba zaidi ya 1,000.

Askari wa hifadhi aliyetupokea alitupeleka mahali penye nyasi fupi za kijani katikati ya majani marefu ya njano. Kuro wanne walikuwa wakilisha hapo. Alituambia tupakumbuke, kwani palikuwa zizi la ng'ombe. Samadi ya miaka yote ile ilirutubisha udongo, na wanyamapori hadi leo hupendelea malisho ya mahali ambapo ng'ombe walilala. Shemeji hakusema neno. Alinitazama tu.

Ukweli ni kwamba alikuwa na mateso yake. Nilikuwa nimemwonya asivae koti lake la buluu, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, naye akajibu kwamba analifahamu hilo kinadharia. Kufikia jioni alikuwa analifahamu mgongoni.

Katika ufukwe wa Madete hutaga kasa uziwa. Jike hupanda usiku, hufukua shimo kwa mapezi ya nyuma, huacha mayai zaidi ya mia moja, hufukia na kurudi baharini asiyaone tena. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia yao: mchanga ukipata joto zaidi, majike huwa wengi. Tuliwakuta walinzi wa viota wakikagua kiota kilichokwisha kuanguliwa usiku uliotangulia, wakiyahesabu maganda na kuyapanga mchangani kwa makumi. Chini kabisa ya shimo walikuta vitoto vitatu vilivyochelewa, vikiwa hai. Hawakuvibeba hadi majini. Waliviweka mchangani, wakasimama pande mbili kuwazuia kaa na kunguru, na sisi tukasimama nao kimya mpaka wimbi la tatu lilipochukua cha mwisho. Mlinzi mmoja alieleza kwamba kiota kile hakikuwa mahali pake pa mwanzo. Mama alitaga chini mno ambako maji ya bamvua yangeyaozesha mayai, wakayahamisha juu usiku uleule, wakiyabeba kwa mpangilio bila kuyageuza.

Siku ya sita: Saadani

Siku nzima garini. Twiga tuliwaona wengi, nyati mara moja kwa mbali, ngiri kila mahali, kongoni, tohe, na palahala dume mmoja aliyesimama ukingoni mwa kichaka na pembe zake zimepinda nyuma kama majambia. Tembo tulikuta kinyesi chao kibichi na mti waliouangusha dakika chache kabla, basi. Simba hatukuona, na sitaki kumdanganya mtu kwamba Saadani ni mahali pa kwenda kuhesabu simba. Kwenye mabwawa ya chumvi karibu na bahari heroe walikuwa wamesimama kwa mamia, na upepo wa kusi ulipovuma wote waligeuka upande mmoja.

Jambo lililonishika ni kijiji chenyewe. Saadani kilikuwa bandari ya misafara kutoka bara, na hapa Bwana Heri, mtawala wa Saadani, alipigana na Wajerumani hata baada ya kijiji kupigwa mizinga mwaka 1889. Sasa kimezungukwa na hifadhi, watu wake wakivua kamba na dagaa, na jioni tuliona ngiri akipita kati ya nyumba mbili bila kutazamwa na yeyote isipokuwa sisi. Mzee mmoja kwenye baraza alisema mababu zake hawakuhamia hifadhini, hifadhi ndiyo iliyohamia kwao. Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka.

Siku ya saba: mdomo wa Wami

Nahodha alitaka tuondoke saa kumi na mbili asubuhi ili tuingie mtoni maji yakiwa yanajaa, maana yakipwa mtumbwi hukwama kwenye fungu la mchanga mlangoni. Mikoko hufuatana kwa mpangilio ambao alitutajia kama mtu anayetaja majirani: milana mbele inayokabili chumvi, kisha mikoko yenyewe na mizizi yake ya kupandiana, misinzi, mikandaa, na michu. Juu zaidi maji yanapopungua chumvi, mikindu na miti mingine huanza, na viboko nao. Tulihesabu makundi matatu. Mamba mmoja mkubwa aliteleza kutoka ukingoni bila sauti hata kidogo, na mbega walikaa juu ya mti ulioinamia maji, wa aina moja na wale wa Amani, wenye weusi na weupe uleule.

Nilimuuliza nahodha kwa nini maji ni mekundu. Akasema ni udongo wa bara. Ndipo nilipokumbuka ramani: Wami hupokea maji ya Mkondoa, na Mkondoa hupokea Kinyasungwe, mto wa mchanga unaotoka upande wa kwetu Dodoma, ambao utotoni tulikuwa tukiuvuka kwa miguu miezi minane ya mwaka. Nikauingiza mkono majini, nikautoa haraka nilipowakumbuka mamba.

Saa nane tulikuwa getini kutoka. Askari alikagua mifuko, kwa sababu ni marufuku kutoka na kobe, pembe, magamba au hata mbegu, na alipofungua begi la shemeji harufu ya iliki ilitoka yote kwa pamoja ikajaza kibanda. Alifunga macho kidogo. Akauliza tulinunua wapi, tukasema Amani. Akauliza bei, tukamtajia, akaguna kwamba Dar es Salaam ni mara mbili yake. Shemeji alichota konzi mbili akamfungia katika karatasi ya risiti ya geti la Sigi, na tukaenda kungojea gari chini ya mwembe.